Kiwavi ana maji ya kijani, buu ni mwekundu, pweza ni wa bluu: oksijeni yao inabebwa na nini?

Mwalimu_Biolojia

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada, na mnivumilie kwa urefu.

Wiki iliyopita nilikuwa nafundisha mfumo wa damu. Nikaandika ubaoni kama nilivyoandika miaka yote: damu ni nyekundu kwa sababu ya hemoglobini, na hemoglobini ndiyo inayobeba oksijeni kuipeleka kwenye seli. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Asubuhi ile alikuwa amekanyaga kiwavi mlangoni pa darasa, na kilichotoka ni maji ya kijani. Akauliza: "Sasa mwalimu, yule kiwavi oksijeni alikuwa anabebewa na nini?"

Nikamjibu harakaharaka kwamba wadudu hawana damu. Akakaa. Lakini uso wake ulionyesha wazi hajaridhika, na ukweli ni kwamba mimi mwenyewe sikuridhika.

Siku mbili baadaye nikafunua pipa la maji yaliyotuama nyuma ya maabara. Chini kwenye tope nikakuta vidudu vyembamba, virefu kama upana wa kucha, vyekundu kabisa, vinajinyonganyonga. Nikaweka kimoja chini ya hadubini. Ngozi yake haina rangi, unaona hadi ndani, na wekundu wote uko humo ndani. Mwenzangu wa kilimo akaniambia hao ni mabuu ya mdudu. Mdudu! Na mimi nimeshalitangazia darasa zima kwamba wadudu hawana damu.

Kwa hiyo nauliza. Kinachomtoka kiwavi ni damu au si damu? Kwa nini buu yule awe mwekundu na kiwavi asiwe? Na hili la pweza kuwa na damu ya bluu ni kweli? Nataka nirudi kumjibu yule binti mbele ya wenzake, kwa sababu mbele yao ndipo nilipomkatiza.

Kipepeo_Mweupe

Mwalimu, kabla wakubwa hawajafika, tahadhari moja, maana wanafunzi watakuletea hoja hii. Watasema mbu ukimpiga hutoa damu nyekundu. Hiyo ni damu ya aliyeumwa, iko tumboni mwa mbu kama chakula. Mbu dume hanyonyi damu, na ukimponda huoni wekundu wowote. Nzi naye akipondwa huacha doa jekundu, lakini hiyo ni rangi ya macho yake.

Mzee_wa_Hadubini

Mwalimu, salamu. Nimekuwa fundi wa maabara kwa miaka 26, kazi yangu kubwa ikiwa kuandaa wanyama wa kupasuliwa darasani, na swali la binti huyo ni bora kuliko mengi niliyosikia kwa miaka hiyo. Mpe pongezi zake kwanza, kisha umpe jibu.

Majimaji ya kiwavi yanaitwa hemolimfu. Mimi huyaita damu bila wasiwasi, kwa kuwa yanafanya karibu kila kazi ya damu. Yanasafirisha chakula kilichomeng'enywa, yanabeba homoni, yanaondoa taka, na ndani yake mna seli zinazokula vijidudu na kuziba jeraha. Kipepeo akitoka kwenye kifukofuko, mabawa yake yamekunjamana kama kitambaa kilicholoa. Anayasukumia hemolimfu mpaka yananyooka, ndipo yanakauka. Kazi moja tu ndiyo damu hii imeondolewa mabegani: kubeba oksijeni.

Oksijeni ya mdudu haipiti kwenye damu. Chukua panzi, mlaze ubavu, utazame tumbo lake kwa lenzi ya mkono. Kila pingili ina kitundu kidogo pembeni. Hivyo ni vitundu vya hewa, na wadudu wengi wana jozi 10: mbili kifuani, nane tumboni. Kila kitundu kinafungua mrija, mrija unagawanyika, matawi yanagawanyika tena, mpaka kufikia vijirija vyembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, vinavyogusa seli moja moja. Kwenye misuli ya kurukia vinazama ndani kabisa ya nyuzi za msuli. Mwanasayansi Mwitaliano Marcello Malpighi aliichora mirija hii kwenye kiwavi wa hariri mwaka 1669, na mimi kila nikiipasua hushangaa upya. Ukifungua mende ndani ya maji, mirija inang'aa kama nyuzi za fedha, kwa sababu imejaa hewa. Hapo ndipo mwanafunzi anapoona kwa macho yake kwamba mnyama huyu amepitishiwa hewa mwili mzima.

Na njia hiyo ina faida kubwa. Oksijeni husambaa kwenye hewa karibu mara 10,000 kwa kasi kuliko ndani ya maji. Kwa nini basi uiyeyushe kwenye kimiminika na kuisukuma kwa moyo, wakati unaweza kuiachia ipite kwenye bomba la hewa hadi mlangoni mwa seli? Ndiyo maana moyo wa mdudu ni wa taratibu tu: mrija mmoja mrefu mgongoni, wenye vitundu pembeni. Unafyonza hemolimfu kwa nyuma, unaimwaga karibu na kichwa, kisha inarudi yenyewe ikipita katikati ya viungo. Hakuna ateri na vena za kuizungusha. Mfumo huo tunauita mzunguko ulio wazi.

Ukitaka darasa lisisahau, fanya jaribio la panzi wawili. Mmoja mwingize kichwa tu majini, mwingine mzamishe mwili na kichwa umwachie nje. Wa kwanza ataendelea kupumua. Wa pili ndiye atakayelegea, na umtoe mapema. Kichwa cha panzi hakipumui.

Ule ukijani wa kiwavi hauna uhusiano na oksijeni. Kwa viwavi wengi ni mchanganyiko wa rangi ya njano inayotoka kwenye majani wanayokula na rangi ya bluu wanayoitengeneza wenyewe, na unawaficha kwenye majani. Ni rangi ya kujificha.

Sasa mabuu yako mekundu. Hao wana hemoglobini kweli, ni jamaa ya Chironomus. Wakikua wanakuwa vidudu vinavyofanana na mbu lakini haviumi. Wanaishi ndani ya vijishimo kwenye tope ambako oksijeni ni haba sana, mirija yao ya hewa haina mlango wa nje, wanapumua kwa ngozi. Hemoglobini yao inashika oksijeni kwa nguvu kuliko ya binadamu, kwa hiyo inaweza kuinyakua hata pale ambapo imebaki kidogo mno. Imeyeyuka moja kwa moja kwenye hemolimfu, haina chembe nyekundu za kuibeba. Kwa hiyo ubaoni andika hivi: wadudu wana damu, wengi wao hawaitumii kubebea oksijeni, na wachache wanaoishi pasipo na hewa ya kutosha huitumia. Nina uhakika utakuwa umemtendea haki binti yule.

Usimwache nyungunyungu pia. Yeye mzunguko wake umefungwa, damu haitoki kwenye mishipa, na ni nyekundu. Mwoshe, mlaze juu ya karatasi iliyoloa, mwangazie kwa pembeni. Mgongoni utaona mstari mwekundu mwembamba, na mstari huo unajibana kwa wimbi linalotoka nyuma kwenda mbele: panakuwa pembamba, panajaa, panakuwa pembamba tena. Ni damu inasukumwa, na unaiona bila kumtoboa. Yule anayechorwa vitabuni ana pia jozi 5 za mishipa minene karibu na umio, ndiyo watu huiita mioyo.

Hemoglobini ya nyungunyungu nayo imeyeyuka kwenye plazima, yaani majimaji ya damu, na ni kubwa ajabu. Yako wewe ina minyororo 4 ya protini. Ya kwake ina minyororo 144 ya aina hiyo, imefungwa pamoja na mingine ya kuishikilia, na uzito wake ni zaidi ya mara 50 ya molekuli yako. Sababu yake naipenda sana. Ukiweka molekuli nyingi ndogondogo huru kwenye damu, zinavuta maji kupita kiasi na zinapenya kwenye vichujio vya mwili na kupotea. Sisi tumezifungia ndani ya chembe nyekundu. Nyungunyungu amezifunga pamoja zikawa donge moja. Shida ileile, njia mbili.

Pweza ni kweli, bluu. Ila humu ndani yupo Bi Chaza, anamjua kuliko mimi.

Bi_Chaza

Ahsante Mzee. Mwalimu, nilifanya utafiti wa moluska na kaa kwa miaka kadhaa, basi niongeze hapo.

Pweza hana hemoglobini. Anayo hemosianini, na badala ya chuma inatumia shaba. Atomu mbili za shaba hushika molekuli moja ya oksijeni katikati yake. Ikishika, inakuwa bluu. Ikiachia, haina rangi. Léon Fredericq, Mbelgiji, ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1878, baada ya kumchunguza pweza na kuona damu inaingia kwenye matamvua bila rangi na kutoka ikiwa ya bluu. Hebu fikiria umesimama hapo, mnyama yuko wazi mbele yako, na rangi inatokea machoni pako.

Mimi nimeiona kwa kaa. Ukivuta tone la hemolimfu kwa sindano kwenye kiungo cha mguu, pale ngozi ilipo laini, linatoka kama maji yenye utando wa kijivu. Likikaa kwenye kioo, likapata hewa, linaanza kuwa la bluu hafifu, kisha linaganda kama uji mwepesi. Ni muda mfupi tu. Siku ya kwanza nilivuta tone la pili kwa sababu sikuamini la kwanza.

Hemosianini wanayo kaa, kamba, buibui, nge, pweza, ngisi na konokono wengi. Lakini naomba tusiandike kwamba konokono wote wana damu ya bluu. Biomphalaria, konokono wa maji baridi anayebeba vimelea vya kichocho, ana hemoglobini na damu yake ni nyekundu. Vivyo hivyo Anadara, chaza wa matopeni, ambaye hemoglobini yake imo ndani ya chembe kabisa kama yetu. Ukoo haukupi jibu, inabidi umtazame mnyama mwenyewe na mahali anapoishi.

Na kutumia shaba kuna gharama. Mililita 100 za damu yako zinaweza kubeba karibu mililita 20 za oksijeni. Za pweza hazifiki robo ya hapo, kama 4 hivi. Kwa mnyama mwenye misuli na ubongo kama wake hiyo ni kidogo, ndiyo maana ana mioyo mitatu: miwili inasukuma damu kwenye matamvua, kila tamvua na wake, na mmoja unasukuma mwilini. Mishipa yake imefungwa, tofauti na jamaa zake konokono na kome. Anapoogelea kwa kurusha maji, moyo ule wa mwilini hudorora au husimama kwa muda, na anachoka mapema. Ukimtazama pweza utaona anapenda kutambaa. Nami nikimwona anatambaa huwa nafikiria moyo ule.

Wapo na wengine ambao wanafunzi watawapenda. Minyoo ya baharini ya jamii ya Sabella, ile yenye taji la manyoya, ina klorokruorini. Inatofautiana na hemoglobini kwa kikundi kimoja kidogo cha atomu, lakini ikiwa nyepesi ni ya kijani na ikikolea ni nyekundu. Minyoo ya sipunkula, jamii nyingine ya baharini, ina hemeritrini, yenye chuma lakini haina hemu (ile sehemu ya hemoglobini inayoshikilia chuma), nayo ikishika oksijeni huwa ya zambarau inayoelekea waridi. Konyeza na sifongo hawana damu kabisa. Seli zao zimetandazwa nyembamba, maji yanapita karibu, oksijeni inaingia yenyewe.

Jambo la mwisho, watu hulichanganya sana. Mmesikia kwamba damu ya bluu ya Limulus, yule mnyama wa kale wa baharini aliye karibu na buibui kuliko kaa, hutumika kupima kama dawa za sindano zina sumu ya bakteria. Ni kweli, mtafiti Mmarekani Frederik Bang aliona damu hiyo inavyoganda ikikutana na bakteria, akaandika mwaka 1956, na kipimo kikaidhinishwa Marekani mwaka 1977. Lakini kinachogandisha kimo kwenye seli za damu yake. Ubluu ni kazi ya hemosianini, mambo mawili tofauti kwenye tone moja. Wanyama hao wanakamatwa kwa wingi kwa ajili ya kazi hiyo, na kwa kuwa leo ipo protini iliyotengenezwa maabara inayoweza kuchukua nafasi yao, mimi naombea itumike zaidi.

Mwalimu_Biolojia

Sina maneno ya kuwashukuru. Leo nimerudi darasani.

Nimeanza kwa kusema: swali la wiki iliyopita nililijibu vibaya, na mwenye swali alikuwa na haki ya kutoridhika. Kisha tukafanya ya panzi. Yule mwenye kichwa majini alibaki anapiga teke, tumbo likijaa na kupungua, likijaa na kupungua. Darasa likanyamaza. Mvulana mmoja akaanza kuhesabu kwa sauti kila tumbo linapojaa. Panzi wa pili tukamtoa alipoanza kulegea, baada ya muda akapata nguvu tena.

Nyungunyungu ndiye aliyewashika zaidi. Tulimwangazia kwa tochi ya simu. Yule binti aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi, akasema, "Linatembea kuelekea kichwani." Wimbi lile. Mimi nimesomesha nyungunyungu miaka tisa kwa mchoro, leo ndiyo mara ya kwanza kuliona.

Sasa wameniongezea maswali mawili. La kwanza: kama bomba la hewa ni bora hivyo, mbona hakuna panzi mkubwa kama mbuzi? La pili: buibui hana mirija kama ya panzi, au anayo?

Mzee_wa_Hadubini

Umenifurahisha, mwalimu. Kusahihisha kosa ubaoni mbele ya darasa si kazi ndogo.

La kwanza. Hewa kwenye mirija husafiri vizuri kwa umbali mfupi. Mwili ukirefuka, mwisho wa mrija unakuwa mbali na mlango, na oksijeni inapungua njiani. Tumbo lile mlilohesabu lilikuwa linapampu hewa, panzi ana vifuko vya hewa vinavyominywa, na hiyo inamsaidia asitegemee kusambaa kwenyewe tu. Lakini kadiri mdudu anavyokuwa mkubwa, mirija inachukua sehemu kubwa zaidi ya mwili wake, na miguuni, pale kwenye viungo vyembamba, nafasi inakwisha. Miaka milioni 300 hivi iliyopita aliishi Meganeura, jamaa wa kerengende, mabawa yake yakitandazwa yalikaribia sentimita 70. Wakati huo oksijeni hewani ilikuwa juu kuliko asilimia 21 ya leo, na wataalamu wengi wanaona ilichangia. Nasema ilichangia kwa sababu mirija si kizuizi pekee. Gamba la nje nalo ni zito kulibeba, na kila anapolivua anabaki laini, hana kinachomshikilia.

La pili. Buibui wengi wana mapafu ya kurasa tumboni: vijikaratasi vyembamba vimepangwa kama kurasa za kitabu, hewa upande huu, hemolimfu upande ule. Oksijeni ikivuka ukurasa inakutana na hemosianini na kubebwa. Kwa hiyo yeye, tofauti na panzi, damu yake inafanya kazi ya oksijeni. Wengi wana pia mirija kidogo, wanatumia vyote.

Na hemolimfu hiyohiyo ndiyo inayomnyoosha miguu. Kwenye viungo viwili vikubwa vya mguu ana msuli wa kukunja, wa kukunjua hana. Anakunjua kwa kusukumia damu mguuni kwa shinikizo. Mtafutie binti buibui aliyekufa pembezoni mwa dirisha, atamkuta miguu yote imekunjwa kifuani. Shinikizo limekwisha, misuli ya kukunja ikabaki peke yake.

Kama bado wana hamu, watafutie viroboto vya maji, Daphnia. Ni wadogo kama tundu la sindano, mwili kama kioo, unaona moyo ukipiga mgongoni chini ya hadubini ndogo kabisa. Gawa kundi moja kwenye mitungi miwili. Mmoja uingizwe viputo vya hewa mfululizo. Mwingine uache maji yatuame na jani moja au mawili yanayooza, usizidishe wasije wakafa. Wape wiki mbili. Wa mtungi uliotuama wanatengeneza hemoglobini zaidi na kuanza kuwa wekundu.

Mwalimu_Biolojia

Mitungi imewekwa leo jioni, kwenye kabati la maabara, na nimemkabidhi binti yule daftari la kuandika rangi kila asubuhi. Amechora safu tatu: mtungi wa hewa, mtungi uliotuama, na ya tatu ameiandika "maswali". Safu ya tatu tayari ina mistari minne. Wekundu ukianza nitarudi hapahapa.